Misumari Mia Moja



Leo sitazungumzia bei ya mahindi wala foleni za mjini. Nataka tuzungumze habari ya kubomoa. Kujenga kumekwisha kusemwa sana katika kipindi hiki, na mafundi wa kujenga wako kila mtaa. Kubomoa kuna wajuzi wachache, nao aghalabu hatuwatafuti mpaka maji yamefika shingoni.

Mambo yenyewe yalianzia sebuleni kwangu. Ninaye mpwa, mtoto wa dada yangu, anasoma chuo kikuu, na likizo zake huzimalizia kwangu. Usiku mmoja niliporudi kutoka studio nilimkuta amekazia macho kompyuta yake, na katika kioo cha kompyuta kuna mtu mwenye ndevu nyekundu ameshika nyundo. Mtu yule alikuwa anavunja nyumba. Nyumba nzuri kabisa ya magogo, ina roshani, ina paa la nyasi lililosukwa vizuri. Anaigonga kipande kimoja kimoja, na kila kipande kikigongwa kinatoweka, na mahali pake zinadondoka mbao.

Nikamwuliza, "Mbona unaivunja? Si umeijenga juzi tu hapa nikikuona?"

Akasema, "Ipo mahali pabaya, mjomba. Naihamishia kwenye kilima."

"Na mbao zinarudi ngapi?"

"Zote."

Nikadhani ananitania. Nikavuta kiti. Kumbe kweli. Mchezo wenyewe unaitwa Valheim, umetengenezwa na kampuni ndogo ya Uswidi iitwayo Iron Gate, katika mji wa Skövde, na ulianza kuuzwa tarehe 2 Februari, 2021. Katika mwezi mmoja hivi nakala milioni 5 zilikuwa zimekwisha kununuliwa duniani. Mchezaji hutupwa porini bila kitu. Huokota mawe na vijiti, hukata miti, huwinda, hujenga kibanda asifie kwenye mvua, kisha huendelea mpaka chuma na majahazi. Ni mmoja wa michezo ambayo vijana huiita ya kuokoka porini, na siku hizi iko mingi.

Kanuni ya nyundo katika mchezo huo ni hii. Ulichokijenga kwa mkono wako ukikigonga kwa nyundo ile ile ya kujengea, ilimradi meza ya fundi iko karibu, hurudishiwa kila ulichokitia. Kama ukuta ulikula mbao mbili, zinarudi mbili. Mpwa wangu alinieleza habari ya jahazi kubwa la mchezo huo, ambalo haliwezi kuundwa bila misumari mia moja ya chuma. Jahazi hilo likivunjika, misumari yote mia huelea juu ya maji. Hakuna uliopinda.

Nilicheka. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi. Nimekaa juu ya jiwe na nyundo siku za Jumamosi, nikinyoosha misumari ya baba, na kidole gumba changu cha kushoto kina kumbukumbu zake. Misumari mia irudi mia! Nikamwambia hao Waswidi bila shaka hawajawahi kung'oa bati.

Lakini tangu usiku ule nikawa mdadisi, na kijana naye akafurahi kupata mwanafunzi mzee. Nikagundua kwamba watengenezaji wa michezo hii hawakubaliani hata kidogo juu ya jambo hili la kurudishiwa, na kila mmoja ana falsafa yake.

Wako wagumu. Mwaka 2013 kampuni ya Klei ya Vancouver, Kanada, ilitoa mchezo uitwao Don't Starve, maana yake usife njaa. Humo ukivunja ulichojenga kwa nyundo ya kawaida unapata nusu. Ukitaka vyote lazima upate fimbo maalumu yenye kito cha kijani ambacho ni adimu, na fimbo hiyo ukiitumia mara tano imekwisha. Wamarekani wa Studio Wildcard, waliotoa ARK mwaka 2015, mchezo wa kisiwa chenye madinosauri, nao wanatoa nusu. Lakini wameweka huruma kidogo: ukishaweka ukuta una nusu dakika ya kujirudi. Ndani ya nusu dakika hiyo unauokota mzima mzima, kama ulivyokuwa. Fundi yeyote wa matofali ataelewa hapo. Tofali lililowekwa kombo hutolewa na kurudishwa kabla saruji haijaanza kushika. Ukienda kunywa chai kwanza, yaliyobaki ni ya tindo.

Halafu iko Minecraft, ambayo watoto wa nchi nzima wanaijua, maana inachezwa hata kwenye simu. Nayo asili yake ni Uswidi. Humo kila kitu kina tabia yake, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu hawa watu. Ubao ukivunjwa unarudi ubao. Kioo cha dirisha kikivunjwa hakirudi kitu, mpaka uwe na zana iliyotiwa uganga maalumu. Rafu ya vitabu inajengwa kwa mbao sita na vitabu vitatu. Ukiivunja, vitabu vitatu vinarudi na mbao zimepotea. Sijui aliyebuni hili alifikiri nini, lakini naona alikuwa mtu wa kusoma.

Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini wale wa Valheim wanarudisha vyote. Akanijibu kwamba wangerudisha nusu, hakuna ambaye angethubutu kujenga ghorofa. Watu wangejenga kibanda cha pembe nne, kikisimama wasikiguse tena. Kwa kuwa vyote vinarudi, mtu anajenga, anatazama, haridhiki, anavunja, anajenga tena. Nimeona picha za majumba ambayo watu wamejenga humo, makanisa na ngome, na sikubishana naye.

Haya, hayo ni ya kiooni. Sasa ya mitaani.

Miezi miwili baada ya usiku ule, nyumba ya marehemu baba iliwekewa alama ya X. Rangi nyekundu, juu ya ukuta wa barazani, karibu na mahali mama anapowekea mtungi. Barabara inapanuliwa, na nyumba ile imo ndani ya hifadhi yake. Tulipewa siku thelathini. Habari za haki na fidia ziko kwa wahusika na wanasheria, nami sizigusi leo, kwa sababu katapila halisubiri hoja. Mama alipata pa kwenda: baba alituachia shamba dogo ndani ndani, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Swali lilikuwa nini tunakwenda nacho.

Tukakaa kikao cha familia. Kaka yangu mkubwa alikuja na mnunuzi. Wako watu, mtawafahamu, ambao wakisikia nyumba zimewekewa alama hupita na madaftari. Wananunua nyumba ikiwa imesimama na kubomoa wenyewe, kisha wanauza mabati, milango, mbao na nondo vipande vipande. Huyu alitoa laki tisa kwa kila kitu. Kaka akasema tupokee, tumalize, mama apate za kuanzia. Mimi nikakataa. Nilisema tutabomoa wenyewe, taratibu, na tutajenga nyumba ya mama kwa vitu vile vile. Mpwa wangu akaniunga mkono kwa nguvu zote, na nadhani mnajua kichwani mwake kulikuwa na hesabu gani.

Nitasema ukweli. Na mimi nilikuwa nayo hesabu hiyo hiyo, ingawa nina miaka arobaini na ushei na nimenyoosha misumari.

Baba alikuwa mtu wa daftari. Alijenga nyumba ile mwaka 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, wakati vitu madukani vilikuwa vya kusikia. Saruji na bati vilihitaji kibali, na kibali kilihitaji safari. Daftari lake lina kila kitu: bati 48 za futi kumi, misumari kilo 22, milango mitano ya mninga, saruji mifuko 96 iliyopatikana kwa vipindi saba. Baada ya mfuko wa 96 kuna mstari umepigwa kwa wino mwekundu, na chini yake ameandika: jiko, udongo. Yaani saruji ilimwishia. Jiko la uani likajengwa kwa matofali ya kuchoma, 2,100, yakashikizwa kwa udongo mtupu. Sisi watoto tulilionea haya jiko lile. Wageni wakija tulifunga mlango wa uani.

Tulipata fundi, mzee mmoja seremala, na vibarua wanne. Siku ya kwanza fundi alizunguka nyumba mara tatu hajagusa kitu. Kisha akasema nyumba hubomolewa kama ilivyojengwa, ila kwa kurudi nyuma. Kilichowekwa mwisho ndicho kitolewe kwanza. Mpwa wangu akadakia kwamba hata kwenye mchezo ndivyo, ukitoa nguzo kabla ya paa, paa linakuangukia. Humo, alieleza, kila kipande kinaonyesha kwa rangi kama kimeshikwa vizuri: kilicho imara ni buluu au kijani, kinachoanza kuelemewa ni manjano, kilicho karibu kuanguka ni chekundu. Fundi akamtazama, akamwuliza kama ana miwani ya namna hiyo amletee moja.

Bati tulizianza. Msumari wa bati una kofia pana, na ukiung'oa kwa haraka unachana tundu likawa mdomo. Fundi aliingiza kipande cha ubao chini ya nyundo kila alipong'oa, ili bati lisibonyee. Kazi ya taratibu mno. Bati 48 zilichukua siku mbili. Tulizipanga uani: 31 zinafaa kuezekea, 9 za banda la kuku, 8 za kutupa. Nikajisemea, si haba. Mpwa wangu akaandika kwenye daftari lake jipya, akiwa amelipiga mistari kama la babu yake.

Kulipokucha bati nzuri zilikuwa 25.

Hapo nataka nisimame kidogo. Katika michezo yote niliyoieleza, ukivunja nyumba yako ukalala, vitu vyako vinaweza kukungoja. Kwetu hasara kubwa haikutoka kwenye nyundo hata kidogo. Nyumba ikisimama ina mlango, ina jirani, ina mbwa. Ikishalazwa chini ikawa marundo, ni mali isiyo na mwenyewe, na usiku una macho. Mama ndiye aliyekuwa ameuliza siku ya kwanza kabisa, "Nani atalala hapa?" Tulikuwa tunazungumza habari za kenchi, hakuna aliyemjibu. Tukaajiri mlinzi kwa usiku tano uliofuata. Bati sita zilikwishakwenda.

Kenchi zilituvunja moyo. Zilikuwa mbao laini, na mchwa walikuwa wameingia kwa upande wa magharibi ambako paa lilivuja. Ubao unauona mzima kwa nje, ukiushika unabonyea kama mkate. Tulipata nusu, pungufu kidogo. Lakini milango! Milango mitano ya mninga ilitoka na fremu zake kama imetengenezwa juzi, bawaba zake zimo, na ilihitaji msasa tu. Fundi alipiga kila mmoja kwa kifundo cha kidole akasikiliza, na kila mara akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha tukafika kwenye kuta, na kwenye kuta ndipo tulipopoteza siku nne.

Kuta za nyumba kubwa zilikuwa za matofali ya mchanga na saruji, zimeunganishwa kwa saruji, zikapigwa plasta ya saruji. Mifuko 96, kumbukeni, na baba hakuwa mtu wa kupunja mchanganyiko. Sasa sikilizeni jambo hili, maana wengi wetu tunajenga na hatulijui. Saruji ya kiungo ikishakauka huwa na nguvu kuliko tofali lenyewe. Unapiga mtaimbo kwenye kiungo, lakini kinachopasuka ni tofali. Vibarua walipiga, na kila tofali moja lililotoka zima, matatu yalitoka kifusi. Baada ya siku mbili tukaacha kuhesabu. Wazee wa pwani waliojenga kwa mawe na chokaa walikuwa na bahati tofauti, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko jiwe, humwachilia mwenzake bila kumjeruhi. Udongo nao ni hivyo hivyo.

Siku ya pili ya kazi hiyo ya kuta nusura tuzike mtu. Tulikuwa tumetoa kenchi zote, na ule ukuta wa pembeni wenye umbo la pembetatu, uliokuwa ukibeba mwamba wa paa, ukabaki peke yake umesimama juu. Hakuna aliyeufikiria. Miaka arobaini ulikuwa umeshikwa na mbao, na mbao tulikuwa tumeziondoa. Saa saba mchana upepo wa kawaida ukavuma, wala si dhoruba, ukuta ule ukajikunja taratibu ukaanguka kwa ndani. Uliangukia mahali ambapo vibarua walikuwa wakila siku zote. Siku hiyo mama alikuwa amepika maharage akawaita wakale jikoni kwake kungali kwa moto. Vinginevyo leo nisingekuwa nazungumza nanyi habari ya misumari. Mpwa wangu alisimama mbele ya vumbi lile muda mrefu. Jioni aliniambia kwamba hakuona rangi yoyote. Nilijua anazungumzia nini, sikucheka.

Na kwa kuwa niko hewani niongeze hili kwa wale wenye nyumba za zamani, hasa zile zilizojengwa na mashirika na idara. Kama paa lako ni la asbestosi, yale mabati ya kijivu mazito yanayofanana na saruji, usithubutu kulivunja kwa nyundo ukidhani unaokoa mali. Vumbi lake ni nyuzi ndogo zisizoonekana, zinaingia kwenye mapafu na hazitoki, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi umekwisha kusahau. Hilo waachie wenye zana na mavazi yake. Halina cha kukurudishia.

Nirudi uani. Jiko la aibu, jiko la udongo, lilibaki mwisho. Fundi aliingiza mtaimbo kwenye kona, akausukuma kwa mkono mmoja, na tofali likatoka kama jino la mtoto. Akalikung'uta kwa kiganja, udongo ukadondoka, likawa tofali. Vibarua wakaweka nyundo chini wakaanza kupokezana kwa mikono, wanaimba. Kwa siku moja jiko zima lilikuwa limepangwa. Tulihesabu matofali 1,900 mazima kati ya yale 2,100 ya daftari. Mama alikaa kwenye kigoda anatazama, hakusema neno, lakini niliona anamtazama kaka, kisha mimi, kisha rundo.

Yako makabila ambayo hayangeshangaa. Kule kaskazini ya Kenya, upande wa Marsabit, Wagabra na Warendille wanahama na mifugo yao, na nyumba zao ni fito zilizopindwa, mikeka na ngozi. Wakati wa kuhama ukifika, wanawake, ambao ndio wajenzi, huifungua nyumba, hufunga fito na mikeka juu ya ngamia, na huisimamisha tena malishoni. Hapo karibu kila kitu kinarudi, kwa kuwa tangu mwanzo ilifungwa kwa nia ya kufunguliwa. Hata Waingereza wamewahi kufanya hivyo, kwa ukubwa wao. Mwaka 1851 walijenga katika bustani ya Hyde Park, London, jumba la chuma na vioo lililoitwa Crystal Palace, vioo karibu 300,000. Maonyesho yalipokwisha walilifungua lote, wakalisimamisha upya kule Sydenham kwa ukubwa zaidi, likafunguliwa mwaka 1854. Liliweza kufunguka kwa kuwa vipande vyake vilikuwa vya vipimo vichache vinavyorudiarudia, vimefungwa tu. Likadumu huko mpaka lilipoungua mwaka 1936.

Sasa hesabu, maana kaka yangu anasikiliza kipindi hiki na atapiga simu nisipoitoa. Fundi kwa siku tisa, 225,000. Vibarua wanne kwa siku tisa, 540,000. Lori safari mbili, 180,000. Mlinzi, 50,000. Jumla shilingi 995,000 zilizotutoka mfukoni, mbali na zile laki tisa tulizozikataa. Milango mitano peke yake ingenigharimu zaidi ya milioni moja kuitengeneza leo kwa mninga wa kweli, kama ningeupata. Bati na matofali ya jiko nayo yana bei yake. Kwa hiyo hatukupata hasara. Lakini zile siku nne za kuta zilikuwa upumbavu wangu, na zilikula karibu nusu ya fedha za kazi. Kama ningefanya tena, ningetoa milango, bati, mbao nzima na jiko, kuta nikamwachia yule bwana wa daftari kwa bei yoyote atakayotaja. Kaka alisema jambo linalokaribiana na hili siku ya kikao, nami nilimkatiza. Kaka, umenisikia.

Ilibaki ndoo ya misumari. Kilo 22 za baba zilitoka ndoo mbili, zimejikunja kama viwavi. Fundi hakutaka kutupa. Aliketi juu ya jiwe, akaweka msumari juu ya kipande cha reli, anaugeuza na kuugonga. Mpwa wangu akaketi mbele yake, na kijana huyu ana akili ya utafiti, akachota misumari mia moja bila kuchagua, akasema, "Mzee, tuone inarudi mingapi."

Walichukua muda wa alasiri nzima. Iliyonyooka ikafaa, 63. Iliyokatika kichwa wakati wa kunyooshwa, 21. Iliyokuwa imeliwa na kutu mpaka ndani, 16. Kijana akaandika. Kisha akamwuliza fundi kama sitini na tatu ni nyingi au kidogo. Fundi akasema inategemea unajenga nini. Kwa banda la kuku ni nyingi.

Nyumba mpya ya mama ni ya vyumba viwili, na milango yake mitano ilibidi tuigawe: miwili ya vyumbani, mmoja wa mbele, mmoja wa jikoni, na wa tano amejitwalia kaka, nami sikusema kitu. Kuta za nyumba ni tofali mpya na saruji mpya, maana hapo hatukuwa na la kufanya. Jiko limejengwa kwa matofali yale yale 1,900, dogo kidogo kuliko la kwanza.

Siku ya kulianza jiko hilo nilileta saruji mifuko sita. Nilimwambia fundi safari hii tulijenge kama watu, aibu ya zamani tuiondoe. Fundi akafungua mfuko wa kwanza. Mama akatoka ndani na ungo mkononi, akauliza ile saruji ni ya nini. Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya mvua, kwamba udongo hulika, na ni kweli hulika. Akasema basi paa litokeze zaidi nje, kama alivyofanya baba yenu. Saruji ipelekwe ikasakafie chumbani.

"Mama," nikasema, "lile la kwanza lilikuwa la udongo kwa sababu ya shida."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo. Na hii barabara yenu, unajua itapita wapi safari nyingine?"

Fundi akaufunga mfuko, akawatuma vibarua wakachimbe udongo.